Hakimu wa Picha Sitini na Nne

Mume wangu ni mpiga picha, na kabla hujanipa pole, ngoja kwanza nimalize. Watu humwita Bado, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Umekaa kwenye kiti cha studio, umenyoosha mgongo, umebana tumbo, pumzi zinakaribia kukuishia, na yeye yuko nyuma ya kamera anasema, "Bado." Anakuja anakunyoosha kola. Anarudi. "Bado." Anamfuta mtoto kamasi. Bibi harusi mmoja aliwahi kumwambia kwamba kwa mwendo huo watapigwa picha ya harusi wakiwa na wajukuu. Lakini akishabonyeza, amebonyeza. Ya pili hakuna.

Wengi walidhani ni maringo ya ufundi. Mimi ninayekaa naye nyumba moja nakwambia hayakuwa maringo, ilikuwa memori kadi.

Alipoachana na kamera ya filamu alipata ya dijitali kwa mpiga picha mwenzake aliyekuwa anahama mji. Kamera nzuri, lakini ndani haikuwa na kitu. Kadi akaambiwa ajitafutie mwenyewe, na siku zile kadi haikuwa mchezo. Aliuza baiskeli yake nzima, pamoja na kengele na karia, akaongezea pesa nilizoweka za kununulia kabati, ndipo akarudi na kidude cha kutosha kiganjani kilichobeba picha sitini na nne. Sitini na nne tu, kwa harusi nzima, tangu bibi harusi anasukwa mpaka wageni wanakunja viti. Nilimuuliza kama kidude hicho kitampeleka sokoni. Akasema kitatupeleka mbali. Basi mwaka mzima tukaenda mbali kwa miguu.

Kadi ile aliitunza kuliko macho yake. Ikitoka kwenye kamera inaviringishwa kwenye kitambaa, inaingia mfuko wa shati, mfuko unafungwa kwa pini. Mimi mkewe hakuwahi kunishika mkono barabarani, lakini mfuko ule aliupapasa kila baada ya hatua tatu.

Sasa sikiliza nilivyoingia kazini bila kuomba kazi. Sherehe zote ni Jumamosi na Jumapili. Jumanne wanakuja wa picha za pasipoti, Alhamisi shule inataka picha za darasa. Kwa hiyo picha za mwisho wa wiki lazima zipungue, maana zile zinazochaguliwa hukaa mle mle ndani ya kadi mpaka mwenye sherehe azione na kuzikubali, ndipo zikasafishwe. Picha moja mbaya ikiachwa, kuna mteja wa kesho amekosa nafasi. Jumatatu studio inafungwa. Tukishakunywa chai, mume wangu anakuja jikoni na kamera, anachomeka waya kwenye televisheni yetu ndogo, tunakaa. Yeye na kamera yake, mimi na beseni langu la viazi.

Peke yake hakuweza, kwa sababu mtu huyu ana huruma za ovyo. Bwana harusi amepiga chafya, uso wote umekunjamana, yeye anasema lakini suti imetoka vizuri. Shangazi amefumba macho, yeye anasema lakini ndiye aliyepika siku mbili bila kulala. Kila picha kwake ina wakili. Ikabidi mimi niwe hakimu, na hivyo ndivyo alivyoniita. Yeye anatetea, mimi nakata shauri: "Toka," au, "Ibaki." Aliyefumba macho, toka. Aliyejaza chakula mdomoni, toka. Yule shemeji anayejipenyeza kila picha, toka, hata kama amejificha nyuma ya keki. Naye anabonyeza kufuta huku amekunja uso kama mtu anayezika. Halafu mjini wanasema Bado ana jicho. Nilisikia, nikala jiwe.

Na nisijitie utakatifu, nililalamika. Mimi nina maneno, hilo halina siri. Nilimwambia sikuajiriwa naye, viazi haviivi kwa kutazamwa na mabibi harusi, mgongo unauma, macho yanawasha. Hakuna Jumatatu niliyokaa pale bila kulalamika, na hakuna Jumatatu niliyochelewa.

Maana kati ya picha na picha tulikuwa tunaongea. Siku nyingine mume wangu anaongea chumvi iko wapi na nani kafunga bomba. Lakini mbele ya picha za watu ulimi wake ulilegea. Akimwona mama wa bibi harusi analia, ataanza habari za binti yetu, kwamba anaogopa siku yake itakapofika yeye atashindwa kushika kamera. Siku moja walitokea ndugu wawili wazee wamesimama bega kwa bega bila kutazamana, na hapo hapo akanieleza kwa nini yeye na kaka yake hawasemezani, jambo nililomuuliza miaka tisa asinijibu. Chuo cha binti yetu tulikiamua pale. Chumba cha uani tulikijengea pale, kwa maneno. Ndoa yetu kama ina mahali inapokaa, ilikaa kwenye meza ile, siku ya Jumatatu.

Kisha bei zikaanza kuanguka. Mwanzo rafiki yake muuza simu alimwonyesha kadi inayobeba mara mbili ya ile yetu, kwa nusu ya pesa zile. Mume wangu hakuamini, akasema rahisi ni ghali. Mwaka uliofuata kukawa na inayobeba mara kumi kwa bei ya shati. Akasema bado. Halafu siku moja akarudi kutoka sokoni uso umembadilika, nikadhani kuna msiba. Alikuwa amemwona mtu ameketi chini kando ya njia, kati ya wauza betri na wauza vitana, anauza memori kadi ndani ya beseni la plastiki. Bei ya kutupa, chagua mwenyewe. Moja inabeba maelfu ya picha, na inagharimu pungufu ya kuziba pancha ya baiskeli.

Hilo la baiskeli ndilo lililomchoma. Alikasirika, akacheka, akakasirika tena. Akaniuliza ni pancha ngapi zingezibwa kwa thamani ya ile kadi yake ya kwanza, nikamwambia asiniingize kwenye hesabu za kujiumiza. Mwishowe akatoa nne mfukoni, alikuwa kazinunua tayari, akazipanga mezani mbele yangu. Ilikuwa Jumatatu. Akasema sasa hakuna haja ya kufuta kitu tena.

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Nilinyanyuka na beseni langu, nikakung'uta maganda, nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Basi hakimu amestaafu leo. Usiniite tena kwenye picha zako."

Ulikuwa utani. Ndivyo ninavyotania, mtu yeyote aliyekula kwangu mara mbili anajua. Nikasubiri aseme wapi, nani atakuachia, viazi vyako vitamenywa na nani. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa pole pole.

"Sawa," akasema. "Umefanya kazi sana. Pumzika."

Tatizo la mume wangu ni hilo moja: ukimwambia kitu, anaamini.

Jumatatu iliyofuata akafungua studio kama siku nyingine. Nami nikasherehekea uhuru wangu. Nilirudi kulala baada ya chai. Jumatatu ya pili nilikwenda kupiga soga kwa jirani mpaka akaanza kunitazama kwa jicho la huyu anaondoka saa ngapi. Jumatatu ya tatu niliketi mezani na viazi vyangu, televisheni imezimwa, na kwenye kioo nikajiona mwenyewe nimeshika kisu. Sitaficha, iliniuma. Nilimenya viazi vya kulisha watu kumi na nyumbani tulikuwa wawili.

Nilishikwa na wivu, ndiyo, wivu wa kipande cha plastiki. Wengine huibiwa mume na mwanamke mwenye nywele na viatu, unaweza hata kumfuata mkatupiana maneno. Mimi aliyenichukulia nafasi alikuwa na ukubwa wa ukucha na anauzwa kwenye beseni. Na kuomba kurudi nilishindwa, kwa sababu niliondoka kwa mdomo wangu mwenyewe. Tena ningeomba nini? Kazi yangu ilikuwa kusema toka, na sasa hakukuwa na anayehitaji kutoka. Nafasi ilikuwa tele.

Binti yetu alipokuja kututembelea alinikuta nasugua sufuria, akaniuliza sufuria hizo zimenikosea nini. Nikamwambia akamuulize baba yake. Akaenda kumuuliza. Baba yake akamwambia, "Mama yako yuko mapumzikoni, usimsumbue." Binti alirudi kwangu na majibu hayo anacheka mpaka machozi, nami nikachukua sufuria nyingine.

Ikawa hivyo kwa miezi kumi. Chumvi iko wapi. Taa ya uani imeungua. Kesho kuna harusi. Siku hizi hata hakuwa mtu wa picha moja, alibonyeza tu mfululizo kama wenzake, na wateja akawanakilia zote kwenye flashi, wakajichagulie wenyewe nyumbani. Kwa wiki za mwanzo walifurahi. Baadaye nikaanza kusikia manung'uniko, kwamba picha za Bado siku hizi ni nyingi ila hazina ladha. Mke mwema angesikitika. Mimi nilisikitika, lakini kwanza nilifurahi kidogo.

Siku ya mambo kubadilika ilikuwa Jumatatu vilevile. Asubuhi mlango uligongwa, nikakuta mwanamke mrefu mwenye miwani na mkoba, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye nusu ya mji huu aliwahi kuichapa. Baba yake alikuwa ametimiza miaka tisini, wakamfanyia sherehe, mume wangu akapiga picha. Nilimkaribisha, akakaa bila kuegemea kiti, akaweka flashi mezani.

"Mama, nilitaka picha moja ya baba ya kutundika ukutani," akasema. "Nimepewa picha mia tisa na kumi na mbili. Nimezitazama wiki tatu. Baba kila siku ananiuliza picha iko wapi, na umri wake si wa kuambiwa subiri. Nimekwenda studio sasa hivi kumwambia mumeo anichagulie. Unajua amenijibu nini?"

Nikasema sijui.

"Amesema yeye hajawahi kuchagua picha hata siku moja. Anayechagua yuko nyumbani, ila amestaafu."

Nilishika ukingo wa meza. Miaka yote ile mjini wanasema jicho la Bado, jicho la Bado, sikuwahi kufikiri kwamba mwenyewe alijua lilikuwa la nani. Nikainua macho, na yeye huyo mlangoni. Alikuwa amemfuata mwalimu mbio mbio, studio kaiacha wazi, anahema, kofia mkononi. Akaanza kuniomba radhi kwa usumbufu, kwamba hakujua mwalimu angekuja moja kwa moja hadi nyumbani.

Nikamwambia aache maneno, achomeke flashi kwenye televisheni.

Tulikaa watatu. Nilichukua kisu na viazi vyangu. Kisha zikaanza kupita, na ulimi wangu ukakumbuka kazi yake. Toka. Toka. Hii ni ya kiti, wala si ya mzee, toka. Mwalimu mwanzoni alishtuka, halafu akaanza kufurahia, na kufika mia tatu alikuwa anasema "toka" pamoja nami, tena kwa ukali zaidi. Mume wangu alitetea wachache kwa sauti ya chini. Mzee wa watu alikuwa amevalishwa suti ngumu, na katika kila picha alikaa kama mtu anayengoja sindano. Nyingine wanamkatisha keki, anangoja sindano. Nyingine amezungukwa na wajukuu, anangoja sindano.

Ilikuwa inakaribia saa saba mchana ilipotokea moja. Kitukuu mmoja, mtoto wa mwaka na nusu hivi, amemvua mzee kofia na kuivaa, imemfunika mpaka kidevuni. Na mzee anacheka. Anacheka kichwa amekirudisha nyuma, meno matatu yote yanaonekana, mikono hewani. Macho amefumba.

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Mwalimu akainama kuelekea televisheni.

"Amefumba macho," mume wangu akasema pole pole. Mara ya kwanza katika maisha yake anamshtaki mtu.

"Nimeona," nikasema. "Ibaki. Hii ndiyo ya ukutani."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alisema huyo ndiye baba yake, hao wengine mia tisa hawajui. Aliondoka nayo akiwa anajisemesha mwenyewe njiani, na baada ya siku mbili alituma salamu kwamba mzee amekataa itundikwe, analala nayo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, alipotoka tu, nilibaki nimekaa, na nikasema jambo lililonijia kichwani, kwa sababu haki ni haki. Nilimwambia mume wangu kwamba enzi za picha sitini na nne, ile isingefika ukutani. Angesema bado mpaka mzee afumbue macho, na kama angebonyeza ningeifuta mimi, bila hata kuitazama mara mbili. Ni wangapi nimewaambia toka kwa kosa la kucheka sana? Vile vikadi nilivyovitukana moyoni miezi kumi ndivyo vilivyomwokoa mzee wa watu.

Mume wangu akauliza kwa nini nilivitukana. Naye aliuliza kwa dhati, hakuwa na habari hata kidogo.

Basi nikachemka. Nilimwambia yote, viazi vya watu kumi, sufuria, kioo cha televisheni. Nilimwambia, "Nilidhani umepata urahisi ukaniona sina kazi tena hapa." Sauti ilinikatika, nikakasirika kwa kukatika kwake.

Alitoka nje, nikasikia hatua zake zinakwenda upande wa barabara, nikajisemea haya, nimemfukuza tena. Baada ya robo saa alirudi kutoka studio amekumbatia boksi la viatu. Aliliweka mezani kati ya maganda, akafungua. Ndani kulikuwa na memori kadi, kila moja imekunjwa kwenye kipande cha karatasi, na kila karatasi imeandikwa tarehe kwa mwandiko wake wa kulala. Nilizitazama tarehe. Zote zilikuwa za Jumatatu.

"Ulisema umechoka," akasema. "Nikaona nisikusumbue. Lakini kufuta bila wewe nimeshindwa. Nilijaribu mara moja, nikakaa na kidole kwenye kitufe mpaka jioni. Kwa hiyo wiki ikiisha naiweka hii, nanunua nyingine. Nikasema siku akipumzika vya kutosha, nitamletea."

Nikazihesabu. Zilikuwa arobaini na moja. Nililia, nisiseme uongo, nililia na kucheka papo hapo, na yeye akawa anazunguka meza hajui ashike nini, mwisho akashika beseni.

Nilipotulia nikamuuliza jambo moja. "Na kama kadi zisingeshuka bei?"

Alifikiri kwelikweli, maana kwake swali ni swali.

"Kama zingebaki bei ile ile, ningekuja kukuomba Jumatatu ya kwanza kabisa," akasema. "Nisingekuwa na la kufanya."

Kisha nikachukua karatasi iliyokuwa chini kabisa ya boksi, yenye tarehe ya zamani kuliko zote, nikaikunjua, na nikamwambia avute kiti akae.